Presi, Pemba na Vipimo vya Zaina

Kabla sijarudisha funguo za maabara mliniomba niwaandikie namna ya kuitumia presi, mashine yetu ya kubania. Maelezo ya presi yamebandikwa ukutani karibu na dirisha, na yanamtosha mtu anayejua kusoma na asiye na haraka. Hapa naandika yale ambayo hayakubandikwa. Habari za vyeo naziacha. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili sindano ya kipimo haikutikisika.

Nilianza kazi katika karakana ya reli, hapahapa Kindu. Nilikuwa mwanagenzi, na kazi yangu ilikuwa kuingiza na kutoa bushi za magurudumu kwa presi ya mafuta, ile ya kusukuma mpini kwa mkono. Fundi aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Alinizuia kusukuma mpini mara ya pili kabla sijahesabu pumzi tatu. Nilidhani ni ibada yake. Baadaye nilielewa kwamba chuma kinahitaji muda wa kukaa mahali pake, na kwamba chuma kingi kilichopasuka pale karakana kilipasuka mikononi mwa watu waliotaka kuwahi chakula.

Treni zilipoanza kuwa chache, presi ikabaki inakusanya vumbi. Siku moja akaja Profesa Mulamba, mwalimu wa fizikia wa chuo, kuiomba. Mkuu wa karakana alimsikiliza, kisha akasema:

"Presi munaichukua, lakini munaichukua na muntu wake. Amisi, panda kwenye kamio."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chuoni, nimekaa juu ya presi nyuma ya lori.

Siku ya kwanza profesa aliniwekea kitu juu ya karatasi nyeupe. Kilikuwa kipande cheusi, chembamba, kinang'aa, kidogo kuliko punje ya mchele. Akaniambia nikibane.

"Mpaka wapi, Prof?"

"Mpaka kibadilike tabia."

"Na kikivunjika?"

"Kitakuwa kimetujibu vibaya. Tutabana kingine."

Vipande vile alikuwa amevileta kutoka Ulaya ndani ya kisanduku cha bati. Vilioteshwa huko kwenye tanuri, ndani ya mrija wa kioo uliozibwa, kwa kuchanganya chuma, fosforasi na salfa. Ukikitazama kimoja kwa lensi utaona kina kurasa. Unaweza kubandika utepe wa gundi juu yake na kubandua ukurasa mmoja ukaacha nyingine. Ndani ya kila ukurasa atomu zimeshikana sana. Baina ya ukurasa na ukurasa karibu hazishikani kabisa. Kila atomu ya chuma ni kisumaku kidogo, na visumaku hivyo vimepangana kwa utaratibu, huyu akielekea juu na mwenzake chini. Elektroni nazo zinakaa kwao, kila moja na atomu yake, na kwa hiyo kipande hicho hupitisha umeme kwa shida sana.

Sasa kibane. Kurasa zinakaribiana, zinateleza kidogo moja juu ya nyingine, atomu zinasongamana. Elektroni ambazo hazikuwa na njia zinaanza kuhama kutoka atomu hadi atomu, na umeme unapita. Ukizidi kubana, hata utaratibu wa visumaku unavunjika, kwa sababu ulitegemea elektroni kubaki kwao. Profesa alinieleza kwa mfano wa mtaa wangu. Mikelenge, alisema, viwanja ni vipana, na kila nyumba inapika kwake. Mto ukijaa, watu wote wakahamia uwanja mmoja, kufika jioni kuna moto mmoja na sufuria zinazunguka. Watu ni walewale. Kilichopungua ni nafasi.

Na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta maisha yake yote. Watu wengi wakitaka kubadilisha namna kitu kinavyopitisha umeme hukiongezea kitu kingine, kisha hawajui ni kipi kilicholeta badiliko. Yeye hakutaka kuongeza kitu. Alitaka kubana tu, ili ajue nini hutokana na umbali peke yake. Shikeni neno hilo, kutoongeza kitu.

Kuhusu vifaa. Kubana kulifanywa na fuawe mbili ndogo za kabidi ya tungsteni, kila moja ina uso mdogo kuliko kifungo cha shati. Mawe ya tungsteni yalikuwa yanachimbwa Kailo, jirani zetu kabisa, na kuondoka kwa magunia. Yalirudi kwetu kama vifungo viwili ndani ya pamba. Katikati ya fuawe hizo unaweka pete ya udongo, na ndani ya pete unalaza kipande cheusi pamoja na nyuzi nne za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Nyuzi mbili zinapeleka umeme, mbili zinapima. Pete ina kazi mbili: kuzuia kipande kisichuruzike nje, na kuzuia umeme usipite pembeni badala ya kupita ndani ya kipande. Pete ikipitisha umeme, unapima pete.

Profesa alikuwa na sheria mbili ambazo alizirudia mpaka nikaziota. Ya kwanza: kila kipimo geuza nyuzi, umeme uje kutoka upande wa pili, na usome tena. Ya pili: sindano ikisimama, andika, sindano ikitambaa, tafuta maji. Umeme unaopita ndani ya jiwe unatoa jibu moja na kunyamaza. Umeme unaopita ndani ya unyevu hubadilisha maneno kadiri unavyousikiliza.

Kupanga kipande kimoja kulichukua asubuhi nzima, na mara nyingi uzi ulikatika kabla ya mchana. Niliyazoea hayo. Zaina hakuyazoea, na ndiyo sababu alifika mbali kuliko mimi.

Zaina alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa dereva wa zamani wa lori na Mama Zaina, aliyeuza mafuta ya mawese. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na hakuongea akipanga nyuzi. Profesa Mulamba alimpa kazi ya tasnifu: kupima kipande cheusi kutoka mbano mdogo hadi mbano mkubwa kuliko wote tunaoweza, kwa baridi na kwa joto. Wiki chache baada ya kumpa kazi hiyo profesa alisafiri kwa ndege kwenda kutibiwa. Vita vikafunga njia nyuma yake. Alifariki huko, na sisi tulipata habari kupitia fonie, redio ya mawasiliano ya parokia.

Ya vita nitataja yale tu yanayohusu presi. Treni ilisimama. Mitumbwi ya Lokandu ilikuja pale ilipoweza, na samaki wake walikuwa wamekaushwa kwa moshi bila chumvi, kwa sababu chumvi haikuwepo. Umeme wa mji ulikuwa umekufa. Tulitumia betri ya gari, tukiichaji kwa paneli ya jua ya wamisionari siku ambazo wao hawakuihitaji. Kipimo chetu kilikuwa cha sindano, hakikuomba umeme wa mtu.

Wanajeshi walikuja mara moja kutazama mashine. Mkubwa wao aliizunguka presi.

"Hii inatengeneza nini?"

"Haitengenezi kitu, chef. Inabana jiwe," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu tunaangalia," Zaina akajibu.

"Munaangalia nini?"

"Kama umeme inapita."

Alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ni yupi mgonjwa zaidi. "Na vita yote hii," akasema, "benyewe banabana jiwe." Wakaondoka na betri. Ilituchukua mwezi kupata nyingine.

Kisha zikaisha pete. Udongo wa pete ulikuwa jiwe laini la rangi ya siagi, lililoletwa kutoka nje pamoja na vipande. Zaina ndiye aliyesema tujaribu pemba. Kila mtu hapa anaijua pemba: udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa madonge, wanawake wenye mimba wanautafuna. Nilikwenda soko la Mikelenge kwa Mama Asha, aliyerithi meza ya pemba kutoka kwa mama yake. Nilinunua madonge matano. Tuliyasaga, tukayachuja kwa kitambaa, tukayafinyanga kuwa pete na kuzikausha juu ya mbabula, jiko la makaa. Kabla ya kuweka kipande, Zaina alibana pete tupu na kupima. Haikupita hata chembe ya umeme. Tukaanza kazi.

Alipima mwaka mzima na zaidi. Mwanzo, kabla ya kubana, kipande kilikataa umeme karibu kabisa. Kila tulipoongeza mbano kilikubali zaidi, si kidogo kidogo, bali ukinzani, yaani kule kukataa, ulishuka kwa mteremko mkali, na mahali fulani kwenye mteremko palikuwa na kikunjo ambapo kurasa ziliteleza. Kwa joto tulizungushia fuawe mchanga wa moto. Kwenye mbano mdogo, joto lilikisaidia kipande kupitisha umeme. Kwenye mbano wa mwisho joto halikukisaidia tena, na hiyo ni tabia ya metali. Sindano ilikuwa inasimama kila mara. Zaina aligeuza nyuzi, akasoma, akaandika kwa penseli, kwa kuwa kalamu zilikuwa zimeisha mji mzima.

"Papa Amisi," aliniambia siku ile joto lilipoacha kusaidia, "Prof angeona hii."

"Angesema rudia."

"Njo vile. Turudie."

Tukarudia mara tatu.

Vita vilipopungua, ndege zilianza kuleta maprofesa wageni. Wa fizikia alikuwa mtu nadhifu, mkali, mwenye kazi nyingi katika vyuo vingi, na alipewa siku kumi kwetu. Alisoma tasnifu ya Zaina usiku mmoja, na asubuhi akaniita.

"Ukinzani wa mwanzo uko juu mno, na wa mwisho uko chini mno," akasema. "Mteremko mzuri hivi sijauona hata kwa wenye mashine kubwa. Na ulipimwa hapa, vitani, kwa betri ya gari?"

"Ndiyo, Prof."

"Tutapima upya."

Simlaumu. Kutilia shaka ndiyo kazi, na angekuwa Mulamba angefanya vilevile. Alikuwa na msaidizi wake, kijana mwenye mkono mzuri, na kipimo kipya cha namba zinazowaka. Zaina hakuruhusiwa kugusa. Kazi yangu ilikuwa kuandaa pete. Zile za zamani zilikuwa zimeisha, kwa hiyo nilikwenda soko lilelile, meza ileile, kwa Mama Asha yuleyule, nikanunua madonge, nikasaga, nikachuja, nikakausha. Pete tupu sikuipima. Pemba ni pemba, nilijiambia.

Msaidizi alipima vipande vitatu. Vyote vitatu vilianza chini na kubaki chini. Mstari ulilala kama barabara ya Kailo kabla ya mlima. Mteremko wa Zaina haukuonekana popote.

Siku ya kutetea tasnifu ukumbi ulijaa. Mnajua desturi yetu: mtu akitetea, ukoo wote unakuja na vitenge vipya, hata wasioelewa neno. Mama Zaina alikaa mstari wa mbele na kapu la maandazi miguuni. Zaina alieleza kazi yake vizuri. Kisha profesa mgeni akasimama na karatasi mbili, moja ya Zaina na moja ya msaidizi wake, akazionyesha kwa watu. Halafu akanigeukia.

"Fundi, vifaa tulivyotumia wiki hii na vile vya mwanafunzi huyu, ni vilevile?"

"Vilevile, Prof."

"Presi, fuawe, pete?"

"Vilevile."

"Basi," akawaambia watu, "vipimo hivi havikufanywa. Vimepikwa."

Zaina hakulia. Alikusanya karatasi zake akazipanga, pembe kwa pembe. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti, "Kapika nini?" na mwingine akamjibu, "Namba." Mama Zaina alifunika kapu. Jopo lilisimamisha kikao. Profesa angeondoka Jumamosi na ripoti yake, na ripoti hiyo ingemfuta Zaina chuoni, bila diploma, bila kazi ya kufundisha aliyokuwa ameahidiwa, na jina lake likiwa limeshapita sokoni kabla ya jua kutua. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilirudi maabara kusafisha, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Pete moja ilikuwa imebaki kati ya fuawe, tupu, nyuzi bado zimo. Niliunganisha kipimo chetu cha zamani badala ya kile cha namba, kwa mazoea tu. Sindano ilipanda. Pete tupu ilikuwa inapitisha umeme. Nikasubiri isimame. Haikusimama, ilikuwa inarudi nyuma polepole. Niligeuza nyuzi, ikaruka upande mwingine, ikaanza kutambaa tena.

Tafuta maji. Niliikausha pete juu ya mbabula mpaka vidole vikaungua. Nilipoirudisha, sindano ilisimama kwenye sifuri. Nikaenda kuswali alasiri, nikarudi: ilikuwa inatambaa. Pemba yenyewe haina tabia ya kunywa maji upesi hivyo. Kuna kitu ndani yake kilichokuwa kinayaita.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa sokoni kabla Mama Asha hajamaliza kupanga madonge.

"Mama Asha, pemba hii inatoka shimo gani?"

"Lilelile. Shimo la tangu bibi."

"Haukubadilisha kitu?"

"Nibadilishe nini, Papa Amisi? Weye na chuo yenu munanishangaza. Benzako bananunulia bibi bao ba mimba, weye unanunulia mashini."

"Wakati wa vita haikuwa hivi."

"Udongo ilikuwa hii hii. Onja."

Nikaonja. Nilikuwa sijaweka pemba mdomoni tangu utoto.

"Iko na chumvi," nikasema.

"Eeh, iko na chumvi. Banamama ba mimba banaipenda vile. Tunalowesha mu maji ya chumvi, tunaanika."

"Na wakati wa vita?"

Alicheka mpaka muuza mchicha wa meza ya pili akageuka. "Bibi, sikia huyu! Wakati ya vita! Papa Amisi, weye ulikula mboga na chumvi wakati ya vita?"

"Hapana."

"Basi mimi ningetoa wapi ya kulowesha udongo? Mwaka ule banamama balikuwa banatafuna hivyo hivyo, bananinung'unikia. Chumvi ilirudi na ndege. Na mimi nikarudisha utamu."

Mnaona ilivyokuwa. Vita vilitunyima chumvi, na kwa kutunyima vilitupa pete safi. Amani iliporudi ilirudi na chumvi, na katika hewa ya Kindu, kando ya Lualaba, chumvi hainyimwi maji. Umeme ulikuwa unapita pembeni, ndani ya pete, kabla ya kukigusa kipande. Mwanzo ukawa chini, mteremko ukafichika. Kitu kilikuwa kimeongezwa, na aliyekileta ni mimi.

Mama Asha alikuwa na madonge makavu nyumbani ambayo hayajaloweshwa. Alinipa mawili na kuniomba nisiwaambie wateja wake kwamba nimeyapendelea hayo.

Nilimkuta profesa mgeni kwenye nyumba ya wageni, anakunywa chai.

"Prof, jana nilisema vifaa ni vilevile. Si vilevile."

"Tofauti ni nini?"

"Chumvi."

Akaweka kikombe chini. "Jana ulisema mbele ya jopo, mara mbili."

"Mara mbili nilikosea."

"Au leo unamwokoa binti."

"Inawezekana ukafikiri hivyo. Ndiyo maana nataka upime wewe. Pete tupu mbili, ya chumvi na isiyo na chumvi. Kwa sindano, si kwa namba; namba ukizisoma upesi hazionyeshi kutambaa. Kisha kipande."

Akakisukuma kikombe kando. "Vimebaki vipande vingapi?"

"Kimoja."

Kilikuwa kimoja kweli, chini ya kisanduku cha bati, na hakuna aliyejua kingine kingetoka wapi. Uzi ukikatika au fuawe ikipasuka, Zaina angebaki na neno langu, na neno langu lilikuwa limeshashuka thamani.

Tulifanya Ijumaa asubuhi. Profesa alipima pete tupu kwa mkono wake. Ya chumvi ilitambaa. Isiyo na chumvi ilikaa kimya, hata alipogonga kioo cha kipimo kwa kucha akidhani sindano imekwama. Kisha alivua koti. Msaidizi wake alipanga kipande na nyuzi. Zaina alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama alivyoamriwa. Mimi nilishika mpini.

Mwanzo: kipande kilikataa umeme karibu kabisa. Sindano imesimama. Profesa aliandika. Nikasukuma mpini, nikahesabu pumzi tatu, nikasukuma tena.

"Upesi kidogo, fundi," msaidizi akasema.

"Mwache," Zaina akasema kutoka mlangoni. Ndilo neno pekee alilosema wakati wa kupima.

Kwenye mbano wa tano mteremko ulianza. Kwenye wa nane profesa aliacha kuandika, akaifungua tasnifu ya Zaina kwenye ukurasa wa mchoro, akaiweka kando ya daftari lake, kisha akaendelea kuandika. Kikunjo kilitokea pale Zaina alipokichora. Tulizungushia mchanga wa moto kwenye mbano wa mwisho, joto halikusaidia. Tuligeuza nyuzi, jibu likawa lilelile. Kisha tukasikia mlio mdogo kama wa karanga inayopasuliwa. Fuawe ya chini ilikuwa imepata ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Kipande kilikuwa vumbi. Lakini namba zote zilikuwa zimeshaandikwa, kwa mwandiko wa profesa mwenyewe.

Alifunga daftari. "Sawa," akamwambia Zaina. "Nitasaini leo. Katibu atakuletea diploma yako nyumbani. Ongeza tu aya moja kuhusu udongo."

"Asante, Prof," Zaina akasema, lakini hakuondoka mlangoni. "Prof, ile neno mulisema mbele ya bantu."

"Neno gani?"

"Munaijua. Mama yangu alikuwa amekaa pale mbele. Tangu juzi hakutoka kwenda kuuza. Diploma ikikuja nyumbani kimya-kimya, banasema nimeinunua."

"Kikao kimefungwa, binti."

"Kikao hapana. Ukumbi iko wazi."

Sikuwahi kumsikia mwanafunzi akizungumza hivyo na profesa, na sikuona kwamba ameonyesha utovu wa adabu. Msaidizi alitazama viatu vyake. Profesa alivaa koti, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, kisha akamwagiza msaidizi awaite watu ukumbini.

Baada ya swala ya Ijumaa watu walirudi ukumbini, wengi kuliko Jumatano, maana fedheha ina wasikilizaji wengi kuliko fizikia. Mama Zaina alikaa mstari wa mwisho, karibu na mlango, bila kapu. Mimi nilisimama kwanza na kusema kwamba pete nilizoandaa zilikuwa na chumvi, kwamba sikuzipima, na kwamba jibu langu la Jumatano lilikuwa kosa. Kulikuwa na vicheko. Niliketi.

Profesa mgeni hakupanda jukwaani. Alitembea katikati ya watu mpaka mstari wa mwisho, akasimama mbele ya Mama Zaina, na akasema kwa sauti ya kufika kila pembe:

"Jumatano nilisema vipimo vya binti yako havikufanywa. Vilifanywa. Nami nimevifanya, nikapata vyake."

Mama Zaina akanigeukia mimi, kwa kuwa kati yetu wawili alinijua mimi tu.

"Amisi, anasema nini?"

"Anasema Zaina alisema kweli."

"Hiyo nilikuwa naijua," akasema. "Aseme tena, ba kule mbele habakusikia."

Akasema tena.